Nyumba Mpya na Walinzi wa Kale

Nyumba ni sitara. Mtu hatafuti nyumba apate kujikinga mvua na jua tu, bali hutafuta mahali pa kuwaepuka watu na macho yao, akaketi na ahali zake kwa raha na amani. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili vizuri. Atazamaye majumba ya kale ya Lamu ataona jinsi mlango mkubwa wa nje unavyomwingiza mtu kwanza katika daka lenye mabaraza, kisha njia ikapinda kabla ya kufika kiwandani, ili apitaye njiani, hata kama mlango u wazi, asiwaone waliomo ndani. Fundi alijenga haya pamoja na ukuta.

Zamani hizo mtu akihamia nyumba iliyokuwa ya mwenziwe, makabidhiano yalikuwa mepesi. Alipewa ufunguo, akaonyeshwa komeo na kisima, akaambiwa karibu. Aliyetaka yakini zaidi alinunua kufuli jipya siku ile ile, na habari ikaisha. Leo sivyo. Katika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na katika miji ya Ulaya, Ghuba na Amerika waliko ndugu zetu wengi, mtu huingia nyumba mpya akakuta walinzi ambao hakuwaajiri yeye: kisanduku kabatini chenye taa inayopepesa, kibao cha nambari karibu na mlango, vitambuzi vya plastiki pembeni mwa vyumba, kamera chini ya paa, lango lifunguliwalo kwa rimoti, na nyaya za umeme juu ya ukuta. Walioviweka wamekwisha kwenda zao. Wengine wameacha karatasi ya maelezo. Walio wengi hawakuacha hata neno.

Twaona watu wengi huvipokea vitu hivi kama wapokeavyo mapazia yaliyoachwa dirishani. Huvitumia wakivijulia, wakishindwa huviacha vining'inie. Lakini pazia halina bwana, na vitu hivi vinaye. Kila kimoja kina mtu kinayemtii, na kina mtu kinayempelekea habari. Basi swali la kwanza la mwenye kuhamia si kwamba vyafanya kazi au havifanyi. Swali ni hili: vyamtumikia nani?

Asili ya vyombo hivi

Vyombo hivi si vya jana. Mwaka 1853 mtu mmoja wa Somerville, karibu na Boston huko Marekani, aitwaye Augustus Russell Pope, alipewa hataza ya king'ora cha umeme: mlango au dirisha likifunguliwa, umeme hupita katika waya, na kengele ikalia. Miaka michache baadaye Edwin Holmes aliinunua haki ya uvumbuzi huo akaifanya biashara. Na mwaka 1969 Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa New York, yeye na mumewe Albert walipewa hataza ya ulinzi wa nyumba wenye kamera itazamayo kupitia matundu ya mlango, kioo cha televisheni chumbani, na kibonyezo cha kufungulia mlango kutoka mbali. Bibi huyu alikuwa akibaki nyumbani peke yake saa ambazo si za kawaida, naye alitaka kumjua abishaye hodi kabla ya kumfungulia. Asili ya chombo basi ilikuwa kumpa mwenye nyumba macho ya kumwona aliye nje. Ubaya huingia pale aliye nje apatapo macho ya kumwona mwenye nyumba.

Kwanza ulizeni

Kabla ya kugusa waya wowote, yawapasa wenye kuhamia waulize mambo matatu. La kwanza, chombo hiki ni mali ya nani? Pengine ni cha mwenye nyumba, pengine ni cha mpangaji aliyetoka naye atarudi kukichukua, pengine ni cha kampuni ya ulinzi iliyokikodisha kwa mkataba. Mpangaji asing'oe wala asibadili kitu bila ya idhini ya mwenye nyumba. Na idhini hiyo iandikwe, maana maneno ya mdomo husahauliwa siku ya kudaiana. La pili, je, uko mkataba ungali hai? Chombo chaweza kuwa kingali kinapeleka habari kwa kampuni, na kampuni ikampigia simu yule aliyehama, naye yuko mji mwingine, hajui kinachotokea nyumbani kwenu. La tatu, ni nani wenye funguo, rimoti na nambari za siri? Wahesabuni wote: mtumishi, mlinzi wa zamu, dalali, fundi, jamaa wa mpangaji aliyetangulia. Kila mmoja wao yamkini ni mtu mwema. Lakini mlango haufungwi kwa kuwadhania watu ubaya. Hufungwa kwa kuwa wapo wanaokuamini uwalinde.

Maswali haya huulizwa vema siku ya makabidhiano, kabla ya fedha kumalizika kulipwa na kabla ya mwenye kuhama kupanda gari. Mtu aliye mbele yako hukujibu kwa upole. Akishakwenda, simu yake huwa haipatikani.

Vitasa na lango

Milango ndiyo mwanzo, na gharama yake ni ndogo. Fundi hana haja ya kubadili kitasa kizima. Mara nyingi hutosha kubadili ule moyo wa kitasa unaopokea ufunguo. Lango la rimoti nalo lisisahauliwe. Mashine yake huweka kumbukumbu ya rimoti zote ilizofundishwa, hata ile iliyopotea miaka mitatu iliyopita. Mwambieni fundi afute kumbukumbu yote, kisha aifundishe upya zile rimoti mlizo nazo mikononi tu. Na jifunzeni pia namna ya kulifungua lango kwa mkono umeme ukikatika, kwani lango lisilofunguka wakati wa moto ni adui, si mlinzi.

King'ora

Sasa tufike kwenye kisanduku kabatini, kinachowatia watu hofu kuliko vyote. Kazi yake kwa hakika ni nyepesi kufahamika. Ndani mna bodi ya umeme, na chini yake betri, aghalabu ya volti 12, inayoshika kazi umeme ukikatika. Kutoka hapo nyaya, au mawimbi ya redio, huenda kwenye vitambuzi. Cha mlangoni huwa na vipande viwili: kimoja ni sumaku, cha pili ni swichi ndogo inayoihisi sumaku hiyo. Mlango ukifunguliwa vipande hutengana, na kisanduku hupata habari. Cha pembeni mwa chumba, chenye uso wa plastiki nyeupe kama maziwa, huhisi joto la kiumbe apitaye. Hicho peke yake hakipigi picha. Kinajua kwamba kiko kitu chenye joto kinachosogea, basi. Wenye nyumba wengi hukiogopa wakidhani ni jicho. Lakini viko pia vilivyounganishwa na kamera, na alama yake ni kitundu cheusi cha mviringo chenye kioo. Mkiona kitundu hicho, mkihesabu kuwa ni kamera.

Kisanduku kikianza kulia "pi, pi" kila baada ya muda mfupi usiku, msidhani mwizi amekuja. Mara nyingi ni betri inayodai kubadilishwa. Betri ya namna hii huishi kiasi cha miaka 3 hadi 5, na iliyoachwa na mpangaji wa zamani yawezekana imekwisha umri wake zamani. Lakini tahadharini: msifungue kifuniko wala kukata waya kwa haraka ya kutaka usingizi. Visanduku vingi vina swichi ya siri inayopiga king'ora kifuniko kikifunguliwa, na king'ora cha nje huwa na betri yake chenyewe, hivyo kukata umeme ndiko kunakoweza kukiamsha. Mtaa mzima utaamka, na siku ya pili jirani watawatazama kwa jicho la kuuliza.

Njia iliyo salama ni hii. Tafuteni jina na namba ya mtindo wa chombo, iliyoandikwa ndani ya kibao cha nambari au kwenye kisanduku, kisha tafuteni kitabu cha maelezo yake. Jueni kwamba nambari za siri ni za daraja. Iko ya mtumiaji, ya kuwasha na kuzima tu. Iko ya mkuu wa nyumba, inayoweza kuongeza na kufuta watumiaji. Na iko ya fundi, inayofungua mipango yote. Mwenye kuhama akikupeni ile ya kwanza tu, hamjakabidhiwa nyumba. Mmepewa ruhusa ya kuingia. Takeni ya mkuu, mbadilishe siku hiyo, mfute nyingine zote. Akiwa haikumbuki, fundi mwenye ujuzi aweza mara nyingi kukirudisha chombo kwenye hali ya kiwandani. Na ikiwa kimefungwa hata hilo lisiwezekane, afadhali kubadili bodi, na vitambuzi na nyaya zikaendelea kutumika. Na nambari ile ya kiwandani isiachwe hata siku moja, maana imechapishwa katika kitabu ambacho kila mwizi anayejua kusoma aweza kukipata.

Baada ya hayo kijaribuni. Washeni hali ya majaribio, mtu apite chumba baada ya chumba, afungue kila mlango na dirisha, na mwingine aandike kilichoitika na kilichonyamaza. Ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza wana jaribio jingine la kufanya. Visanduku vya zamani vilipeleka habari kwa njia za simu ambazo zimefungwa au zinafungwa. Marekani mitambo ya simu ya kizazi cha tatu ya makampuni makubwa ilizimwa katika mwaka 2022, na Uingereza ilitangazwa kwamba simu za waya za mtindo wa kale zitaondolewa kufikia Januari 2027. Kisanduku cha namna hiyo chaweza kuwaka taa zote na kupiga kelele vizuri, ilhali habari zake hazimfikii mtu yeyote.

Kamera

Hapa tutakaa kidogo, kwani hapa ndipo penye jambo zito.

Chukueni mfano wa aila iliyohamia nyumba yenye kamera nne: langoni, uani, ukumbini na nyuma jikoni. Kioo cha kutazamia kimeondoka na mwenyewe, nao wakaona kamera zimekufa. Mama hukaa uani bila ya buibui, mabinti hutoka kuoga wakapita ukumbini. Lakini kile chombo cha kuhifadhi picha kingali juu ya dari, kina umeme, na kimeunganishwa na intaneti ile ile iliyoachwa nyumbani. Na katika simu ya mtu aliye mbali ungali mlango mdogo ambao akiugusa kwa kidole, huiona nyumba hiyo mchana na usiku. Yamkini yeye mwenyewe amesahau. Yamkini simu hiyo ameshaiuza, au yachezewa na kijana wake.

Dini yetu imelifunga jambo hili kwa kufuli nzito. Sura ya An-Nur imetufundisha tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tutake idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Tena sura hiyo hiyo imewataka hata watoto wa nyumbani na watumishi watake idhini nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto wa tumbo lako ana saa ambazo lazima abishe hodi, basi jicho la mgeni lisilobisha hodi saa yoyote lina hukumu gani? Na Sura ya Al-Hujurat imekataza upelelezi waziwazi. Sheria za nchi nazo zimelijali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, na Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, zote zimemlinda mtu katika faragha yake na ya maskani yake.

Basi lifanyeni hili kabla ya kulala usiku wa kwanza. Zungukeni nyumba, ndani na nje, darini na kabatini, mkazihesabu kamera zote na chombo cha kuhifadhi picha. Zile msizozijua kazi yake zing'olewe umeme mpaka zijulikane. Ruta ya intaneti iliyoachwa irudishwe hali ya kiwandani na kupewa neno la siri jipya, au ibadilishwe kabisa. Kisha chombo cha kuhifadhi picha na kila kamera virudishwe hali ya kiwandani kwa kile kitufe kidogo, na picha za zamani zifutwe. Picha hizo si zenu. Ni siri za waliotangulia, na kuzitazama kwa udadisi ni kosa lile lile mnalolikimbia.

Lakini lijueni neno hili, maana wengi wamelighafilika: kamera nyingine hata zikirudishwa hali ya kiwandani hubaki zimefungwa kwa jina la mwenyewe wa kwanza, mpaka yeye atie mkono wake katika programu ya simu yake aziachie. Kwa hiyo mwenye kuhama hana budi aombwe afanye hivyo mbele yenu. Akikataa au asipopatikana, kamera hiyo haiwafai. Iondoeni ukutani, akabidhiwe mwenye mali yake. Bei ya kamera mpya ni ndogo mbele ya sitara ya nyumba.

Na maneno ya siri ya kiwandani yasibaki. Mwaka 2016 programu ovu iliyoitwa Mirai ilivitwaa vyombo vingi duniani, zikiwemo kamera za majumbani, kwa kujaribu tu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Wenyewe hawakujua kwamba kamera zao zimegeuzwa jeshi la kushambulia mitambo ya watu wengine. Uingereza ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, kukataza vyombo vya namna hiyo kuuzwa na neno la siri moja kwa wote. Lakini chombo mlichorithi pengine kilinunuliwa kabla ya hapo, na mahali pengine. Msitegemee sheria ya mbali kuufunga mlango wa karibu.

Mkishazimiliki kamera, zigeuzeni zitazame lango na njia ya kuingilia. Ukumbini na vyumbani zisiwepo. Wala zisitazame ua wa jirani. Ikiwa yule wa kwanza alizielekeza huko, msirithi dhulma yake.

Ua wa umeme

Nyaya za juu ya ukuta hazichezewi. Mashine yake hupeleka mpigo wa umeme wa volti elfu kadhaa kiasi cha mara moja kila sekunde. Ikitengenezwa kwa kipimo chake humshtua mtu na kumrudisha nyuma bila kumwua. Lakini iliyofungwa na asiye fundi, au iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, ni mtego wa kifo. Tena mashine ina betri ndani, hivyo kuzima swichi kuu ya nyumba hakuuzimi ua. Mpaka fundi aikague, watoto wakatazwe kupanda ukuta na nguo zisianikwe karibu. Hakikisheni pia vibao vya kuonya vipo na vinasomeka, maana mtoto wa jirani aliyefuata mpira naye ana haki ya kuonywa.

Kuwafundisha watu wa nyumbani

Chombo anachokijua baba peke yake hakilindi nyumba siku ambayo baba yuko safarini. Mama, vijana, bibi aliye mzee na mlinzi wa langoni, kila mmoja afundishwe kadiri ya kazi yake: namna ya kuwasha, namna ya kuzima, na nani wa kupigiwa simu. Kila mtu apewe nambari yake, ili akiondoka ifutwe yake tu. Na king'ora kikilia bure kila usiku kitengenezwe upesi, kwani jirani wakishazoea kelele zake, siku ya mwizi wa kweli hapana atakayetoka. Majirani hao wajulieni hali mapema. King'ora huita tu, lakini wanaokuja ni watu.

Wajibu wa mwenye kuhama

Tumesema mengi kwa mwenye kuhamia. Lakini nusu ya jambo iko juu ya mwenye kuhama, na huyu aghalabu hasemeshwi. Ndugu msomaji, ukitoka katika nyumba, usiondoke na macho yako ukayaacha humo. Jitoe katika programu za simu, futa picha zako, toa funguo na rimoti zote, hata ile ya akiba iliyo kwa shemeji. Andika katika karatasi moja jina la kila chombo, nambari yake ya mkuu, fundi aliyekifunga, na mkataba kama upo, kisha uukatize au uuhamishe kwa jina la mwingiaji. Hiyo ni amana, na amana haikamiliki kwa kutoa nusu. Mtu aweza kuhama kwa muda wa siku moja akabaki na dhima ya nyumba ile kwa miaka, kwa sababu ya kitu kidogo alichosahau kukifuta simuni.

Nanyi vijana, mnaozielewa programu hizi kuliko wazee wenu, hapa iko khidima ya kweli. Wazee wengi wameona haya kuuliza, wakaishi chini ya kamera wasiyoijua bwana wake. Mwendee shangazi, mwendee babu, mwambie kwa adabu: nipe saa moja nizunguke nyumba nawe. Kufunga mlango vizuri hakupunguzi tawakali. Yule bedui naye aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zenu na zetu, na atujaalie kuwa wenye kuzitunza siri za wenzetu kama tupendavyo zetu zitunzwe. Amin.